Nukta Iliyowahi

*Mwalimu, nasoma kidato cha tatu hapa Mbamba Bay. Niliandika insha ya Kiingereza juu ya kilimo cha ngolo cha Wamatengo wa Mbinga. Imerudi imejaa wino mwekundu: "fragment, fragment". Tahajia yangu ni sahihi. Nimekosea wapi?*
*Mwanafunzi, Wilaya ya Nyasa*

Mwanangu, insha yako nimeisoma yote. Pale unapoeleza nyasi zinavyolazwa kwa miraba mlimani, zikafukiwa udongo, mashimo yakabaki katikati kuzuia maji, umeandika kwa ujuzi. Tatizo ni "fragment", yaani sentensi isiyokamilika: unaweka nukta kabla habari haijatimia.

Tazama: "Because the hills are steep. The Matengo dig pits." Hicho cha kwanza ni kishazi tegemezi, kilekile mnachosoma kwenye Kiswahili. Mtu akikuambia, "Kwa sababu milima ina mteremko mkali," akanyamaza, si utamwuliza, "Ehe, kwa hiyo?" Ondoa nukta, weka mkato: "Because the hills are steep, the Matengo dig pits."

Kosa la pili linawasumbua wengi, na chanzo chake ni Kiswahili chetu. Umeandika: "Dug pits to save the soil." Kwetu "walichimba" ni sentensi kamili, maana mtendaji yumo ndani ya *wa-*. Kitenzi cha Kiingereza hakimbebi mtendaji, hivyo mtaje: "They dug pits to save the soil." Amri tu, kama "Dig!", ndiyo inayosimama bila yeye. Vivyo hivyo, sisi husema "Kahawa ya Mbinga nzuri sana" tukaeleweka, lakini Kiingereza kinadai kitenzi: "Mbinga coffee is very good."

Halafu hii: "The fishermen coming from Liuli." Neno "coming" likiwa peke yake halitoshi kuwa kitenzi cha sentensi. Linafanana na *-ki-* ya "wavuvi wakitoka Liuli": msikilizaji bado anangoja. Ama uongeze "are" kabla yake, ama umalizie habari: "The fishermen coming from Liuli sell dagaa in Mbamba Bay."

Sasa isome insha kwa sauti kuanzia sentensi ya mwisho kurudi hadi ya kwanza. Ukisoma kwa mtiririko wa kawaida, akili hujaza pengo bila wewe kujua. Ukirudi kinyume, kila sentensi hujitegemea na iliyopungukiwa huonekana. Kila unapofika kwenye nukta uliza: nani, na amefanya nini? Iandike upya wiki hii, umpelekee mwalimu wako aisahihishe tena.