Acha Kuuliza, Omba Karatasi

Mdogo wangu mwanahabari uliyeniandikia kutoka Pwani, nimekusoma. Kila ukienda ofisini kuuliza zahanati ile imelipiwa pesa ngapi na mbona haina paa, unaambiwa njoo kesho. Hiyo njoo kesho haina mwisho. Acha kuuliza, omba karatasi.

Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, wala hulazimiki kueleza unazitakia nini. Kuomba ni bure. Utalipia gharama ya nakala tu. Ila usiandike “naomba habari zote za zahanati,” maana hapo umewapa mwanya wa kukuzungusha. Andika hivi: “Naomba nakala ya mkataba wa ujenzi, hati za malipo kwa mkandarasi na cheti cha kukamilika kwa kazi, kuanzia Julai 2023 hadi Juni 2024.” Karatasi iliyotajwa kwa jina na kipindi chake ni vigumu kusingizia haieleweki.

Peleka nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe, urudi nayo. Kuanzia hapo wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kujiongezea 14, mara moja tu. Wakinyamaza, sheria inahesabu wamekataa, nawe una siku 30 za kumfikia Ombudsman, tume inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Lakini usitarajie mteremko. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba ya reli ya SGR, serikali ikajitetea kwa vipengele vya usiri. Wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, wakashinda Mei 2022. Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi akatoa sehemu tu ya mikataba hiyo.

Kwa hiyo siku 21 hizo usizikalie kitako. Mtafute fundi aliyejenga, ongea na wauguzi, piga picha kuta na uandike tarehe. Karatasi zikija na cheti kinasema jengo limekamilika, nawe mkononi una picha ya baadaye ya jengo lisilo na paa, basi hapo una habari, na hata wakili wa gazeti atakuruhusu uichape.