Mali bila Daftari Hupotea bila Habari

Muhula uliopita chama chetu kilinituma nikusanye methali kutoka kwa wazee wa mtaani. Nilitengeneza ukurasa mdogo kwa JavaScript, nikapiga chapa methali 64 humo katika maabara ya tarakilishi. Mara stima ikapotea! Iliporudi, ukurasa ulikuwa mweupe pe. Wenzangu walinikasirikia, nami sikuwa na la kujitetea.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Unachoandika kwenye ukurasa wa namna hiyo hukaa katika kumbukumbu ya muda tu. Stima ikipotea, au ukurasa ukifungwa, kazi yote huenda na maji. Dawa ni kuitia katika faili. Mwalimu alinionyesha hivi:

const b = new Blob([maneno]);
const u = URL.createObjectURL(b);
const a = document.createElement("a");
a.href = u;
a.download = "methali.csv";
a.click();
URL.revokeObjectURL(u);

Hapo "maneno" ni methali zote, kila moja kwenye mstari wake. Mstari wa 1 huzifunga pamoja kama mzigo. Wa 2 huupa mzigo anwani ya muda. Wa 3 na wa 4 huunda kiungo cha kuelekea kwenye anwani hiyo. Wa 5 huipa faili jina. Wa 6 hukibonyeza kiungo kwa niaba yako, na faili ikahifadhiwa pamoja na vitu vingine unavyopakua. Wa mwisho huifuta anwani ili kumbukumbu isijae bure. Hakuna haja ya intaneti wala bando, kwani kazi yote hufanywa na kivinjari chenyewe.

Lakini chungeni! Methali yenye koma itieni ndani ya alama za mtajo, la sivyo jedwali litaikata vipande viwili. Tena msiiache faili kwenye tarakilishi ya shule pekee. Inakilini kwenye flashi.

Siku hizi kila nikifikisha methali kumi, nahifadhi. Niliwarudia wazee mmoja mmoja. Nyanya yangu alicheka, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo mashine yako haina kichwa?" Nimezipata 61. Tatu zilizobaki alinipa mzee ambaye ameshahamia mashambani, nami sikumbuki hata neno moja. Ndugu zangu, akiba haiozi. Hifadhini mapema!