Upepo na Ujanja katika Mashindano ya Baiskeli

Wengi hudhani kuwa mashindano ya baiskeli hushindwa kwa nguvu za miguu tu. Sivyo. Adui mkubwa ni upepo: anayetangulia huukata, wanaomfuata hupumzika nyuma yake. Basi wachache wakichomoka, kila timu hungoja nyingine ijichoshe kwa kuwafukuza.

Tazama Tour de France ya mwaka 1956. Mashindano hayo huchukua siku nyingi, na mshindi ni yule ambaye jumla ya muda wake ni ndogo kuliko ya wote. Siku ya saba, kati ya Lorient na Angers, watu 31 walichomoka. Waliobaki wakategeana, wakaachwa zaidi ya dakika 18. Miongoni mwa hao 31 alikuwamo Roger Walkowiak, Mfaransa wa timu ya majimbo, asiye na sifa kubwa. Akiba yake ilipungua njiani, lakini alijikaza milimani, na mwishowe akamshinda Gilbert Bauvin wa timu ya taifa kwa dakika 1 na sekunde 25. Wala hakufika wa kwanza hata siku moja.

Watu walimdharau, wakasema ni bahati tu. Lakini bahati ile waliipata wote 31. Aliyeitunza mpaka Paris ni mmoja.