Msako wa Picha: Kuwasafirisha Wadogo Zako Kwenda kwa Bibi Macho Yakiwa Wazi



Desemba ikikaribia, familia nyingi za Kichaga zinazoishi Dar es Salaam zinaanza kuhesabu siku za kwenda Kilimanjaro kula Krismasi. Baba anahangaika na gari au tiketi za basi, mama anahangaika na zawadi za kina bibi. Na wewe uliye mkubwa, uliyemaliza kidato cha nne au uko likizo ya chuo, kazi yako inajulikana hata kabla hujaambiwa: "Kaa na wadogo zako."

Sasa, kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Ni siku nzima. Hata Chalinze hamjafika, mdogo wako ameshauliza mara tano, "Tumefika?" Njia rahisi ni kumpa simu acheze gemu. Atanyamaza, ni kweli. Lakini atafika kwa bibi bila kujua amepita wapi, na huenda akafika anatapika. Mtoto akiinamia simu ndani ya gari, macho yanamwambia ametulia huku masikio ya ndani yanasikia gari linakata kona. Mwili unachanganyikiwa, kichefuchefu kinaanza. Akitazama mbali nje ya dirisha, macho na masikio yanakubaliana.

Leo tujifunze mchezo unaompeleka mtoto huko dirishani: msako wa picha. Unaandaa orodha ya vitu vitakavyoonekana njiani, watoto wanavitafuta, wakikiona kimoja wanakipiga picha. Basi, ni hivyo tu. Ila ukiupanga vizuri, picha inakuwa kisingizio. Shabaha yenyewe ni mtoto aangalie, aulize, na mtu mzima aliye naye amjibu.

1. Orodha itoke kwenye barabara yenyewe

Usichukue orodha ya jumla jumla: mbwa, nyumba nyekundu, gari jeupe. Hivyo viko hata mtaani kwenu. Kaa na baba au mama siku mbili kabla ya safari, uwaulize wanaikumbukaje njia hiyo. Kisha igawe safari vipande vitatu, kila kipande vitu vitano au sita, maana orodha ndefu inachosha. Mfano wa vipande hivyo ni huu.

Dar hadi Segera: kibao cha Chalinze, pale barabara ya Morogoro inapoachana na ya kwenda kaskazini, mto Ruvu au Wami, mzigo wa ajabu kuliko yote uliofungwa kwenye baiskeli au pikipiki, kitu kinachouzwa kando ya barabara ambacho hakiuzwi mtaani kwetu.

Segera hadi Same: shamba la mkonge; reli; mlima wenye wingu kichwani; mbuyu mnene kuliko yote; kibao cha Mombo, pale inapoanza njia ya kupanda Lushoto.

Same hadi Moshi: mlima Kilimanjaro mara ya kwanza unapojitokeza, Kibo na Mawenzi katika picha moja, mgomba wa kwanza, kibao cha Himo.

Kwa mdogo ambaye hajajua kusoma, chora. Mstari wa mlima, duara la gurudumu, jani la mgomba. Naye anataka kuweka alama ya vema kwenye karatasi yake mwenyewe.

2. Kila kitu kibebe swali

Hapa ndipo msako unapokuwa somo. Kila ulichoandika kwenye orodha, tafuta swali lake moja, na jibu uwe nalo.

Mkonge: je, mmea huu ni wa hapa kwetu? Hapana. Asili yake ni Mexico, na Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893. Mkonge ndio unaotoa kamba na magunia.

Reli: nani aliijenga? Wajerumani walianzia Tanga mwaka huohuo wa 1893, na ilichukua karibu miaka 20 kufika Moshi. Mwache mtoto ahesabu mwenyewe: wewe utafika leo jioni.

Mlima wenye wingu: kwa nini kule juu Usambara na Upare ni kijani, na huku chini barabarani ni pakavu, miiba na mibuyu? Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi. Ukigonga milima unapanda, unapoa, mvua inanyesha upande ule na juu kileleni. Ukivuka kuja upande wa barabara, maji yameshaisha.

Kilimanjaro: Kibo ina mita 5,895. Mawenzi ni fupi zaidi na imechongoka-chongoka. Kwa nini? Jibu la jiolojia ni kwamba Mawenzi ni volkano ya zamani zaidi iliyoliwa na mvua na upepo. Jibu la Wachaga ni hadithi ya Mawenzi kwenda kuomba moto kwa Kibo hadi akachapwa. Hiyo usiimalize garini. Mwambie mtoto, "Ukifika, mwulize babu." Umeshampa sababu ya kukaa karibu na babu yake.

3. Alama za mchezo

Usizawadie mwenye mbio, kwa sababu mkubwa atashinda kila mara na mdogo atalia kabla ya Korogwe. Wapange wawiliwawili, mkubwa na mdogo, na simu ibadilishane mikono kila kipande kipya. Picha moja, alama moja. Swali zuri ambalo hata baba limemfanya afikiri, alama mbili. Utaona wanavyoacha kubonyezabonyeza na kuanza kufikiri. Zawadi iwe ndogo: atakayeongoza sala ya chakula jioni, au atakayechagua wimbo unaofuata.

4. Simu na dirisha

Tumia simu moja tu ya kundi zima, hata ya zamani isiyo na laini. Kama ina laini, zima data, maana bando likiwa wazi msako utageuka kuwa video. Futa picha za zamani usiku uliotangulia na uichaji ijae.

Gari likikimbia, vitu vya karibu vinatoka na ukungu na vya mbali vinatoka safi. Kwa hiyo milima pigeni mnapokwenda, vibao na vitu vya karibu subirini gari lipunguze mwendo. Kamera isogezwe karibu kabisa na kioo ili isipige sura zenu wenyewe. Picha zitazamwe mnaposimama. Wakizikagua gari likitembea, kichefuchefu kitarudi palepale.

Mkisafiri kwa basi, ombeni viti vya upande wa kulia. Kuanzia Mombo milima ya Usambara, kisha ya Upare, iko upande huo. Alasiri jua linakuwa limehamia kushoto, hivyo mtakuwa kivulini na mlima utakuwa umepata mwanga. Baada ya Himo, Kilimanjaro nayo iko kulia.

5. Kanuni zisizovunjwa

Ya kwanza: mkono wala simu havitoki nje ya dirisha. Hata mara moja.

Ya pili: tunahesabiana. Kila mnaposhuka kula au kujisaidia, mnahesabiana kabla ya kushuka na kabla ya kuondoka. Mtoto anayesaka picha anasahau, anafuata kitu hadi nyuma ya duka. Injili ya Luka, sura ya pili, inatusimulia safari ya familia takatifu kutoka Yerusalemu. Maria na Yosefu walitembea siku nzima wakidhani Yesu yumo msafarani, na walimpata hekaluni baada ya siku tatu. Kama wazazi wale wema walidhani mtoto yuko na wenzake, wewe ni nani usihesabu?

Ya tatu: kambi za jeshi, vituo vya polisi na sehemu yoyote yenye kibao cha kukataza, kamera inafungwa. Hapo hakuna mjadala.

Ya nne, na hii naomba uishike kuliko zote: mtu haandikwi kwenye orodha. Usiandike "mzee mwenye mkongojo", wala "mama aliyebeba kuni", wala "mtoto asiye na viatu". Ukiandika hivyo, umemfundisha mdogo wako kuwa binadamu ni kitu cha kuwinda, tena maskini ndiye mwenye alama nyingi. Yule mama ana jina. Amebatizwa au hajabatizwa, ameumbwa kwa sura ya Mungu sawasawa na wewe uliye ndani ya gari. Mtoto akitaka picha ya ndizi za mama muuzaji, ashuke, aamkie "shikamoo", aombe ruhusa, na ikiwezekana mnunue chane moja. Akikataliwa, aseme asante na aondoke. Kukubali "hapana" ya mtu asiye na uwezo wa kukufanya lolote ni somo kubwa kuliko mkonge na reli.

Ya tano: picha za watoto haziendi mtandaoni mpaka wazazi waseme ndiyo.

6. Msako wa pili: nyumbani kwa bibi

Wengi wanafunga mchezo wakishafika. Mimi nakushauri uache orodha moja fupi kwa ajili ya huko, kwa sababu ndiko msako unakobeba uzito. Watoto wetu wa mjini wanakwenda kwa bibi siku chache kwa mwaka. Wanamsalimia, wanakula, wanarudi kwenye televisheni. Bibi anabaki mtu wa kuamkiwa tu.

Waandikie hivi: chombo ambacho bibi alikitumia kabla mama hajazaliwa; mfereji wa maji shambani, na nani aliuchimba; mbuni uliopandwa zamani kuliko yote katika kihamba; mwaka ulioandikwa kwenye jiwe la msingi la kanisa la parokia; kaburi la babu mzaa babu; picha ya zamani iliyoko ukutani, na majina ya wote waliomo.

Hiyo ya mwisho usiiruke. Mtoto aipige picha ile ya ukutani, kisha akae na bibi, akitaja jina mojamoja wewe uandike kwenye daftari: huyu nani, alizaa nani, amelala wapi. Mara nyingi ni bibi peke yake anayewajua wote. Siku akiondoka, ile picha itabaki na sura zisizo na majina, na hakuna simu itakayowatambua.

Tafakari ya jioni

Siku ya kuwasili, kabla ya kulala, keti na wadogo zako. Kila mmoja achague picha moja tu, aseme kwa nini, kisha amshukuru Mungu kwa hicho alichokiona. Dakika kumi zinatosha. Zaburi za 120 hadi 134 zinaitwa nyimbo za kupanda, na wahujaji waliziimba wakiipanda njia ya Yerusalemu. Ile ya 121 inaanza na mtu anayeinua macho kuitazama milima. Isomeni pamoja mkiwa chini ya Kilimanjaro.

Maswali ya kujadili na wenzako

Katika safari yako ya mwisho na familia, ulimwona nani njiani, na ulimtazamaje?

Ni jina gani la mzee wa ukoo wenu ambalo wewe mwenyewe hulijui, na nani bado yupo wa kukwambia?

Sala

Ee Bwana Yesu, nawe ulisafiri ukiwa mtoto pamoja na wazazi wako. Walinde wadogo zetu barabarani. Yafungue macho yao waione kazi ya mikono yako, na utufundishe kumheshimu kila mtu tunayempita. Utufikishe salama kwa wazee wetu, tuwakute na uzima. Amina.

Safari njema, na Krismasi njema kwenu nyote.