Sampu ya Gia Otomatiki

Swali: Fundi, nataka kufungua mwenyewe sampu ya giaboksi ya pikapu yangu hapa Kibondo. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na maji na brashi, ndugu yangu, usafishe sampu kwa nje. Vumbi jekundu likiingia kwenye valvu, umejitafutia kazi nyingine. Jeki peke yake usiiamini, weka stendi. Oili ipoe, ibaki vuguvugu. Kama hakuna nati ya kumwagia, legeza bolti zote, kisha toa za upande mmoja ili sampu iiname, imwage taratibu kwenye beseni. Pima oili iliyotoka, ujue kiasi cha kurudisha. Tazama sumaku ndani: tope laini la kijivu ni kawaida, ukikuta vipande vya chuma, mwite fundi wa giaboksi. Kurudisha, gasketi mpya, bolti zikazwe kwa kupishana, tena kwa mkono mwepesi: sampu nyingi ni bati, hupinda.