Pima API hata data ikiisha

Kabla hujachagua chombo cha kupima API, zima data kwanza. Halafu fungua programu unayoifikiria. Ikikudai akaunti ndipo ikuonyeshe kazi yako mwenyewe, iache. Hapa Kambove mega unazinunua kwa pesa yako, na umeme unakatika bila kukuaga.

Mimi ningekuanzishia Bruno. Toleo lake la bure linatosha, na halidai akaunti. Kila ombi linahifadhiwa kama faili ndani ya folda ya mradi, kwa hiyo linaingia Git pamoja na msimbo wako. Mwenzako wa Likasi akivuta mradi, vipimo vyote anavyo. Postman ni imara, na mafunzo yake yako kila mahali, lakini mwaka 2023 iliondoa Scratch Pad, sehemu ya kufanyia kazi bila akaunti. Timu yako ikiwa imeshaizoea, baki nayo.

Mashine yako nzito? Tumia curl. Ipo tangu 1998, na Windows 10 za kuanzia 2018 zinakuja nayo. Andika:

curl -i http://localhost:3000/malipo

Soma mstari wa kwanza wa jibu. 200, mambo sawa. 401, kagua ufunguo. 500, kosa liko kwenye seva, usihangaike na fomu.

Kama unajenga frontendi, ongeza Mockoon. Inaigiza seva palepale kwenye kompyuta yako, bila intaneti. Ipe jibu la malipo, kisha licheleweshe sekunde 5. Sasa bonyeza "Lipa" mara mbili. Maombi mawili yakiondoka, rekebisha leo hii: huyo ni mama wa sokoni anayekatwa pesa mara mbili, na hatarudi.

Wa bekendi, kazi yako kubwa ni data chafu. M-Pesa ya Vodacom ina sandbox ya wasanidi, anzia hapo. Tuma namba ya simu inayoanza na 0, kisha ileile ikianza na 243. Tuma faranga, tuma dola, acha sarafu wazi. Rudia muamala uleule kwa kumbukumbu ileile, seva iukatae.

Funguo ziweke kwenye .env, na .env uiandike ndani ya .gitignore kabla ya komiti ya kwanza. Ukichelewa, kufuta faili hakusaidii, maana historia ya Git imeshazibeba. Omba funguo mpya.