Mzio wa Chakula kwa Watoto Wadogo: Jinsi ya Kuwasaidia Wazazi

Chakula kimjengacho mtoto mmoja chaweza kumdhuru mwingine. Yai, samaki na karanga ni lishe bora kwa watu walio wengi, lakini kwa mtoto mwenye mzio vyaweza kuleta mabaka ya ngozi, matapishi, au hata kuziba pumzi. Mzazi aonaye jambo hili kwa mara ya kwanza hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni kulipuuza, na mtoto akafa kwa chakula ambacho kingeweza kuepukwa. Ya pili ni kuogopa kupita kiasi, akamnyima mtoto mayai, maziwa, samaki na kunde kwa pamoja, na mtoto akapatwa na utapiamlo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maarifa ya sayansi yanavyoweza kumwongoza mzazi kati ya hatari hizo. Tunawaelekea walimu na wanafunzi kwa sababu nyumba nyingi hupokea elimu ya sayansi kupitia kwao.

Mzio hutokeaje?

Mwaka 1921 wanasayansi wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner, walitangaza matokeo ya jaribio mashuhuri. Küstner alikuwa hawezi kula samaki bila kuugua. Prausnitz alichukua seramu ya mwenzake, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, akajidunga kidogo ngozini. Siku ya pili alipojidunga dondoo la samaki mahali palepale, ngozi yake iliwasha na kuvimba. Ikadhihirika kwamba kisababishi cha mzio kimo katika damu. Jaribio hili halifai kurudiwa, maana damu huambukiza maradhi. Kisababishi chenyewe kilitambuliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na wanasayansi waliofanya kazi Marekani na Sweden: ni kingamwili ya aina E.

Kazi ya kingamwili ni kuulinda mwili. Katika mzio, mwili huidhania protini ya chakula kuwa adui, ukaunda kingamwili za aina E dhidi yake. Hizo hujishikiza juu ya seli maalumu zilizomo katika ngozi, njia ya hewa na utumbo. Mtoto alapo chakula kile tena, protini hunaswa na kingamwili, na seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine. Ngozi huwasha na kuvimba, tumbo husokota, njia ya hewa hubana. Aghalabu dalili huonekana baada ya dakika chache, na kwa kawaida kabla ya saa mbili kupita. Kiasi kidogo tu cha chakula chaweza kutosha.

Yasiyokuwa mzio

Si kila anayeharisha baada ya kunywa maziwa ana mzio. Watu wengi, hasa wakiisha kupita utoto, hupungukiwa na kimeng'enya cha kuyeyusha laktosi, yaani sukari ya maziwa. Hao huumwa na tumbo lakini hawako katika hatari ya kufa. Vivyo hivyo, jodari au vibua walioachwa kwenye joto hujaa histamini inayotengenezwa na bakteria, na kupikwa hakuiondoi. Dalili hufanana na za mzio, lakini walaji kadhaa wa samaki yuleyule huweza kuugua kwa pamoja.

Vipimo navyo vyahitaji hekima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 juu ya watoto wa shule nchini Ghana ulionyesha kuwa wengi walikuwa na kingamwili za aina E dhidi ya karanga katika damu yao, ilhali walikula karanga bila kudhurika. Maambukizo ya kichocho yalihusishwa na hali hiyo. Kwa hiyo kipimo cha damu peke yake hakitoshi. Habari za mlo na dalili ndizo zinazokipa maana.

Msaada kwa mzazi

Msaada wa kwanza ni daftari. Mzazi aandike mtoto alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, dalili zipi zilionekana na baada ya muda gani. Mzazi asiyejua kuandika asaidiwe na mwanawe aliye shuleni. Kurasa chache za namna hii humfaa mganga wa zahanati kuliko maelezo ya kukumbuka tu.

Pili, uji wa lishe utazamwe kwa makini. Unga wake aghalabu huchanganya mahindi, ulezi, soya, karanga, na pengine dagaa. Mtoto akidhurika, haijulikani ni kipi kilichomdhuru. Yafaa kila kiungo kianzishwe peke yake kwa siku kadhaa kabla ya kuchanganywa. Tena, mashine ya kusaga huweza kubakiza unga wa mteja aliyetangulia.

Tatu, kiondolewe chakula kilichothibitika tu, na badala yake ipatikane protini nyingine. Mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe asipewe ya mbuzi, kwa kuwa protini zake zinafanana sana. Watoto wengi hupona mzio wa maziwa na mayai wakikua, bali ule wa karanga na samaki hudumu zaidi. Kujaribu tena kufanywe kwa ushauri wa daktari.

Nne, bibi, shangazi, yaya na jirani waelezwe, kwani mtoto mdogo hulishwa na mikono mingi. Mama asilaumiwe, wala asiambiwe kuwa mtoto amerogwa.

Dalili za hatari

Mtoto akipumua kwa shida au kwa mlio kifuani, sauti ikikauka, ulimi ukivimba, au akilegea baada ya kula, hiyo ni anafilaksi. Dawa yake ni adrenalini, inayodungwa mara moja katika msuli wa paja, upande wa nje. Vidonge vya kuzuia mwasho haviwezi kushika nafasi yake, wala kumnywesha maziwa kama aliyekula sumu. Mtoto alazwe, au akiwa anahema kwa shida akae. Asisimamishwe wala kutembezwa. Adrenalini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mzazi aulize mapema ni kituo gani cha karibu kilicho nayo. Saa ya hatari si saa ya kuuliza.

Je, mzio waweza kuzuiwa?

Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri kwamba watoto walio katika hatari ya mzio wasipewe karanga kabla ya miaka 3. Ushauri huo uliondolewa mwaka 2008. Mwaka 2015 yakatolewa matokeo ya utafiti uliofanyika London kwa watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai. Katika waliokatazwa karanga, asilimia 17.2 walikuwa na mzio wa karanga walipofikia miaka 5. Katika waliolishwa karanga tangu uchanga, ni asilimia 3.2 tu. Kumbe kuchelewesha hakukuwa kinga. Baada ya miezi 6 ya maziwa ya mama, karanga zilizosagwa laini, zisizo na ukungu, zaweza kuwekwa katika uji; punje nzima humkaba mtoto. Mwenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai aonwe na daktari kwanza.

Maswali ya kujadiliwa darasani

1. Kwa nini dalili za mzio hazionekani mwili unapokutana na protini kwa mara ya kwanza kabisa?
2. Kipimo cha adrenalini kwa mtoto ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Mhudumu wa afya atampa kiasi gani mtoto wa kilo 12?
3. Tungeni mlo wa siku moja kwa mtoto wa miaka 2 asiyeweza kula mayai wala samaki, na mwonyeshe protini yake inatoka wapi.